Kufungua kompyuta ya nyumbani ukiwa mbali: nifungue poti 3389 au kuna njia salama zaidi?

Mkaa_Moro ameuliza:

Habari za kazi wakuu.

Nyumbani Morogoro nina kompyuta ya mezani, Windows 11 Pro. Ndimo yalimo mahesabu yote ya duka, skani za mikataba na picha za familia. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa Mtwara siku nne kila wiki na mahesabu hayawezi kusimama. Nataka niifungue kutoka kwenye laptopu nikiwa huko, kama vile nimekaa mbele yake. Intaneti ya nyumbani ni ruta ya 4G yenye laini ndani.

Fundi aliyekuja kuangalia amenishauri niwashe Remote Desktop (huduma ya Windows ya kuifungua kompyuta kwa mbali), kisha niingie kwenye ruta nielekeze poti 3389, yaani namba ya mlango unaotumiwa na huduma hiyo, kwenye kompyuta ya mezani (192.168.1.20). Nimefanya yote mawili. Laptopu ikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani inafungua vizuri. Nikiiunganisha na data ya simu inagoma. Kitu kimoja sikielewi: ukurasa wa ruta unaonyesha anwani ya WAN (ya upande wa nje) 100.91.14.6, ila tovuti za kuangalia IP zinaonyesha nyingine kabisa, inaanza na 41.

Maswali yangu: kwa nini kutoka nje haifunguki? Nikiomba IP ya umma kisha nikaifungua hiyo poti, hatari yake ni ipi, na nikibadili 3389 kuwa namba nyingine inasaidia? Umeme ukikatika mimi niko Mtwara, nafanyaje? La mwisho, mama yuko Tanga, ana laptopu ya Windows 10 Home na kila mara kuna kitu kinamsumbua. Nataka niwe namsaidia kwa mbali bila kuwafungulia wezi mlango.

---

Bawaba amejibu:

Mkuu, tuanze na hiyo anwani kwa sababu ndiyo inayojibu swali la kwanza. Anwani zote kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zilitengwa mwaka 2012 kwa matumizi ya ndani ya kampuni za intaneti. Kampuni haina anwani za umma za kumtosha kila mteja, kwa hiyo inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hiyo inayoanza na 41 mnaitumia wengi kwa pamoja. Ni sawa na jengo la wapangaji lenye geti moja: wewe umeacha wazi mlango wa chumba chako, lakini mgeni akifika getini hakuna anayejua anamtafuta mpangaji yupi. Kanuni uliyoandika kwenye ruta ni sahihi, ila hakuna kinachoifikia.

Na nakuomba usiende kuomba IP ya umma kwa ajili ya kazi hii. Poti 3389 ikiwa wazi kwa dunia nzima, ndani ya saa chache programu za kubahatisha nywila zinakuwa zimeshaiona. Anwani zote za IPv4 ni kama bilioni 4.3. Tangu mwaka 2013, ZMap ya Chuo Kikuu cha Michigan ilionyesha kwamba mashine moja yenye mtandao wa gigabiti inaweza kuzipitia zote kwa poti moja chini ya dakika 45. Hakuna anayekutafuta wewe kwa jina. Wanapita nyumba kwa nyumba wakijaribu vitasa.

Ukitaka kuona inavyokuwa, fungua Event Viewer kwenye kompyuta yoyote iliyoachwa hivyo, nenda Windows Logs, kisha Security, chuja tukio namba 4625. Utakuta mistari imepangana, sekunde mbili tatu kati ya mmoja na mwingine, usiku na mchana: ADMINISTRATOR, ADMIN, USER, TEST, BACKUP, SCANNER, kisha majina ya watu, kisha wanarudi mwanzo. Kila mstari ni nywila moja iliyojaribiwa ikakataa. Siku moja ikikubali utaona 4624 badala ya 4625, na hapo tayari yuko ndani. Virusi vingi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vimeingia kwa njia hii hii.

Nywila ndefu inasaidia lakini haitoshi. Mei 2019 lilitangazwa tundu la CVE-2019-0708, maarufu kama BlueKeep, lililomwezesha mtu kuingia kupitia Remote Desktop ya Windows 7 na za kabla yake bila nywila yoyote. Microsoft ilitoa kiraka hadi cha Windows XP, mfumo ambao ulikuwa umeacha kuhudumiwa tangu 2014. Windows 11 haihusiki na tundu hilo, lakini nani amekuhakikishia kwamba jingine halitapatikana?

Kubadili namba ya poti kunapunguza kelele tu. Huduma ya Remote Desktop ikiulizwa inajitambulisha yenyewe kwamba ni Remote Desktop, iwe kwenye 3389 au 50123. Wanaopekua poti zote wataipata.

Kwa hiyo leo hii fanya haya: futa ile kanuni kwenye ruta hata kama haifanyi kazi, kwa sababu ukibadili laini au mtandao ukakupa IP ya umma, mlango utafunguka wenyewe na hutajua. Zima UPnP humo humo kwenye ruta, la sivyo programu yoyote iliyo ndani inaweza kujifungulia poti bila kukuuliza. Badilisha nywila ya ukurasa wa ruta, hiyo iliyobandikwa chini yake fundi ameshaiona.

---

Nanga_Tatu amejibu:

Bawaba kamaliza upande wa hatari, mimi niweke njia. Kanuni ni moja: nje usifungue chochote. Kompyuta yenyewe ndiyo itoke kwenda kuunganika, na laptopu nayo itoke, zikutane katikati ndani ya VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa usimbaji juu ya intaneti. Hapo hata hiyo 100.91 haikuzuii, kwa sababu kutoka kunaruhusiwa siku zote.

Kwa nyumbani njia nyepesi ni Tailscale. Inatumia WireGuard (mfumo wa VPN) kwa ndani, na kwa matumizi binafsi ni bure. Nenda kwa mpangilio huu, usiruke.

Kabla ya yote, chagua akaunti utakayoingilia (Google au Microsoft) na uiwekee uthibitisho wa hatua mbili, kwa programu ya namba za muda na si SMS kama unaweza. Atakayeishika akaunti hiyo ameushika mtandao wako wote. Kisha sakinisha Tailscale kwenye kompyuta zote mbili, ingia kwa akaunti hiyo hiyo. Kila moja itapewa anwani yake inayoanza na 100, ambayo haibadiliki. Isikuchanganye na ile ya ruta. Zimetoka kwenye fungu moja la anwani lakini ni mitandao miwili tofauti.

Kwenye kompyuta ya mezani kuna mambo mawili ambayo watu husahau, wakajuta wakiwa njiani. La kwanza, bofya alama ya Tailscale karibu na saa, fungua Preferences, weka tiki kwenye "Run unattended". Bila hiyo, kompyuta ikijiwasha upya na hakuna aliyeingia, Tailscale haiunganiki, na wewe huwezi kuingia kwa sababu haijaunganika. La pili, kwenye ukurasa wa usimamizi, orodha ya Machines, bofya nukta tatu za kompyuta hiyo uchague "Disable key expiry". Ukiacha ilivyo, baada ya siku 180 itadai uthibitishe upya, na lazima mtu awe mbele yake. Laptopu usiiguse, iache iwe inaisha muda, maana ndiyo inayoweza kuibiwa.

Sasa tengeneza akaunti ya kuingilia isiyo na mamlaka ya usimamizi. Fungua Terminal kama msimamizi:

`net user mahesabu * /add`
`net localgroup "Remote Desktop Users" mahesabu /add`

Amri ya kwanza itakuomba nywila mara mbili. Usiogope ukiandika herufi hazionekani. Ikizidi herufi 14 itakuonya kuhusu Windows za kabla ya 2000, jibu Y uendelee. Tumia maneno manne au matano yasiyohusiana, si jina la duka na mwaka. Kumbuka akaunti hii mpya haitayaona mafaili yaliyo kwenye Documents za akaunti yako ya zamani. Hamishia mahesabu kwenye folda ya pamoja, mfano D:\Duka, uipe akaunti hiyo ruhusa ya kuandika.

Kisha fungua secpol.msc, Local Policies, User Rights Assignment, "Allow log on through Remote Desktop Services". Ondoa Administrators, bakiza Remote Desktop Users. Mtu akipata nywila ya msimamizi kwa njia nyingine hataweza kuitumia kwa mbali. Ongeza na hii:

`net accounts /lockoutthreshold:10 /lockoutduration:10 /lockoutwindow:10`

Majaribio 10 yakikosea, akaunti inafungwa dakika 10.

Faiawoli ya Windows nayo ibane, isipokee Remote Desktop kutoka popote isipokuwa mtandao wa Tailscale. PowerShell kama msimamizi:

`Set-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop" -RemoteAddress 100.64.0.0/10`

Ukimaliza, ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani jaribu kufungua 192.168.1.20 kwa mstsc (programu ya Windows ya kufungulia Remote Desktop). Inatakiwa igome. Jaribu ile anwani ya Tailscale, inatakiwa ifunguke. Ikifunguka kwa zote mbili, faiawoli hujaibana.

Kwenye mstsc, kichupo cha Local Resources, toa tiki za printa na diski za laptopu kama huzihitaji. Diski za laptopu zikiunganishwa, kirusi kilicho upande mmoja kina njia ya kwenda upande wa pili. Kwa data ya simu, kichupo cha Display shusha rangi ziwe za biti 16, na kichupo cha Experience zima picha ya nyuma na madoido. Mahesabu hayahitaji mapambo na utaona tofauti kwenye bando.

Jambo la kuwaeleza walio nyumbani: Windows 11 Pro inaruhusu mtu mmoja kwa wakati. Ukiingia kwa mbali, skrini ya nyumbani inajifunga. Mtoto akiwa anafanya kazi yake hapo, ataulizwa kama anakubali kutoka.

---

Bawaba amejibu:

Nakubaliana na yote isipokuwa hapo kwenye faiawoli. Usiweke fungu zima la 100.64.0.0/10. Mkaa_Moro yuko kwenye mtandao wa simu unaotumia fungu hilo hilo kwa wateja wake. Leo kuna ruta katikati, kwa hiyo kompyuta iko salama. Lakini siku atakapochomeka modemu ya USB moja kwa moja, kanuni hiyo itakuwa inawakaribisha majirani zake wa mtandao wa simu. Weka anwani ya laptopu peke yake:

`Set-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop" -RemoteAddress 100.x.y.z`

Hapo kwenye x.y.z ni ile ambayo Tailscale imeipa laptopu yake. Akinunua laptopu nyingine atabadilisha, ni mstari mmoja.

Na laptopu yenyewe iwe na BitLocker (kifunga-diski cha Windows), maana inasafiri kwenye basi. Ile namba ya kuifungua ya tarakimu 48 ichapishwe ibaki nyumbani. Ikiibiwa, jambo la kwanza ni kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa Tailscale kwa simu na kuifuta kwenye Machines. Hapo hapo inakosa njia ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana nywila ya akaunti hiyo isiwe imehifadhiwa kwenye laptopu pekee.

---

Nanga_Tatu amejibu:

Kweli kabisa Bawaba, hapo nilipitiliza. Mkaa_Moro, fuata hiyo ya anwani moja.

---

Mkaa_Moro amejibu:

Nashukuru sana wakuu. Kanuni nimefuta, UPnP nimezima, hatua zote nimefuata na faiawoli nimeweka anwani moja. Kwa data ya simu sasa inafika, inauliza nywila, ila nikiandika mahesabu na nywila sahihi inasema "The credentials did not work". Pia nimeendesha `tailscale ping` na majibu yote yanasema "via DERP". Hiyo ni shida?

---

Nanga_Tatu amejibu:

Kuhusu jina: laptopu inadhani "mahesabu" ni akaunti ya kwake yenyewe, au inaambatanisha akaunti yako ya Microsoft. Andika jina la kompyuta ya nyumbani kwanza, mfano `DUKA-PC\mahesabu`. Jina hilo unalipata kwa kuandika `hostname` kwenye Terminal ya kompyuta ya mezani. Na kwa wengine watakaosoma huku wanaingia kwa akaunti ya Microsoft: ile PIN ya tarakimu nne mnayofungulia kompyuta haifanyi kazi kwa mbali. Imefungwa ndani ya mashine hiyo hiyo. Tumieni nywila ya akaunti, na jina liandikwe `MicrosoftAccount\` likifuatiwa na baruapepe.

Kuhusu DERP, si hatari. Maana yake pande zote mbili ziko nyuma ya mitandao ya simu iliyobana, hazijaweza kuonana moja kwa moja, kwa hiyo mazungumzo yanapitia seva ya kati ya Tailscale. Yamefungwa kutoka mwanzo hadi mwisho, seva hiyo inapokea na kupitisha bila kuweza kusoma. Hasara yake ni kuchelewa: utabofya, menyu ifunguke baada ya muda kidogo. Ukiwa Mtwara rudia `tailscale ping`, wakati mwingine ikishajaribu mara kadhaa inapata njia ya moja kwa moja na itakuonyesha anwani na poti badala ya DERP.

Asiyetaka kutegemea kampuni katikati anaweza kukodi seva ndogo yenye IP ya umma, akaweka WireGuard yenyewe kwenye poti ya UDP 51820, kompyuta zote mbili zikaunganika hapo. Upande wa nyumbani usisahau `PersistentKeepalive = 25`. Bila mstari huo, kukiwa kimya kwa muda, mtandao wa simu unaifunga ile njia, na seva haiwezi kuigonga kompyuta yako tena mpaka yenyewe ianze. Wengi wanaosema "asubuhi inafanya kazi, mchana inakufa" wamekosa huo mstari tu. Ila seva hiyo nayo ni ya kutunza: masasisho, na SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) iwe kwa funguo na si nywila. Kama huna muda wa kuitunza, baki na Tailscale.

---

Swichi_Ukutani amejibu:

Nijibu la umeme, maana ndilo litakalokusumbua kuliko wadukuzi.

Washa kompyuta ukiwa unabonyeza Del au F2 uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla ya Windows). Tafuta mpangilio unaoitwa "Restore on AC Power Loss" au "AC Back", kwa kawaida uko kwenye Power Management au Advanced. Kiwandani huwa Power Off: umeme ukirudi, kompyuta inabaki imelala. Weka Power On. Usichague Last State, kwa sababu ikitokea mtu nyumbani ameizima kwa heshima kisha umeme ukakatika na kurudi, haitawaka. Kwenye baadhi ya bodi mpangilio huu haufanyi kazi kama ErP (mpangilio wa kubana umeme kompyuta ikiwa imezimwa) imewashwa, kwa hiyo ErP izime.

Kisha kwenye Windows, Terminal ya msimamizi:

`powercfg /change standby-timeout-ac 0`
`powercfg /h off`

Ya kwanza inaizuia isilale. Ya pili inaondoa kulala kwa kina na pia ile Fast Startup, inayofanya kompyuta ionekane imezimwa kumbe imelala nusu.

Kuhusu kuiamsha kwa mbali, yaani Wake-on-LAN: ujumbe wa kuiamsha lazima utoke ndani ya mtandao wa nyumbani, hauvuki kwenda kokote. Unahitaji kifaa kingine kidogo kinachowaka muda wote hapo nyumbani, Raspberry Pi kwa mfano, chenye Tailscale, uingie humo ndipo ukaiamshe. Kwa hali yako hakuna haja. Iache inawaka, izime skrini tu.

Nunua UPS (betri ya akiba ya umeme), hata ya 650 VA, uchomeke kompyuta na ruta zote mbili. Skrini iache nje. Dakika chache zinatosha kwa zile kukatika-kurudi za mara moja. Kukatika ghafla katikati ya kuandika ndiko kunakoharibu faili la mahesabu. Unganisha ule waya wa USB wa UPS kwenye kompyuta ili Windows ijue betri inaisha na ijizime yenyewe vizuri. Jihadhari na kitu kimoja hapa: ikijizima hivyo halafu umeme ukarudi kabla UPS haijaisha kabisa, kompyuta haitaona kwamba umeme ulikatika, kwa hiyo haitajiwasha. Hapo itabidi mtu wa nyumbani abonyeze kitufe. Mwelekeze mtu mmoja, mwonyeshe kitufe chenyewe, na umwachie namba ya BitLocker ya kompyuta ya mezani kama nayo imefungwa, maana baada ya sasisho la BIOS inaweza kuiulizia.

LUKU na bando viangalie kabla hujasafiri. Bando la ruta likiisha katikati ya wiki, kompyuta inawaka lakini haifikiki, na utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo.

---

Mwanamtapwa amejibu:

Mimi nijibu la mama wa Tanga.

Windows 10 Home haiwezi kufunguliwa kwa Remote Desktop, inaweza tu kufungua nyingine. Mtandaoni utakuta programu za kuilazimisha. Usimwekee mama kitu hicho: kila sasisho la Windows linaivunja, na inagusa mafaili ya mfumo ambayo hutaki yaguswe. Pia Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani wanaweza kujiandikisha kupata masasisho ya ulinzi hadi Oktoba 2026. Mwandikishe, au kama laptopu yake inakubali Windows 11, ipandishe ukiwa umekaa naye Tanga, usifanye kwa mbali.

Kwa msaada wa mara moja moja tumia Quick Assist. Imetoka Microsoft wenyewe na njia ya mkato ni Ctrl+Windows+Q. Wewe unaingia kwa akaunti yako, unapata msimbo wa herufi sita, unamsomea kwa simu, anauandika, anabofya kukubali. Msimbo unadumu dakika chache tu, na ukifunga dirisha hakuna kinachobaki wazi. Hilo ndilo ninalolipenda kwake. Hakuna nywila ya kudumu ya kuvuja.

AnyDesk, TeamViewer na RustDesk zinafanya kazi vizuri, lakini kila moja ina sehemu ya nywila ya kuingia bila mtu kukubali. Kwa mama, iache imezimwa kabisa. Kwenye AnyDesk, mipangilio ya Security ina orodha ya wanaoruhusiwa: weka namba yako tu. Pakua kwenye tovuti yao wenyewe, kamwe si kwa kubofya tangazo la juu kwenye matokeo ya utafutaji. Na iwe toleo jipya. Februari 2024 kampuni ya AnyDesk yenyewe ilitangaza kwamba mifumo yake iliingiliwa, ikabadilisha cheti inachosainia programu, kwa hiyo matoleo ya zamani yasiachwe.

Sasa sehemu ngumu, ambayo haina mipangilio. Programu hizi ndizo hizo hizo wanazotumia matapeli. Anapiga simu, anajitambulisha ni wa benki, wa mtandao wa simu au wa Microsoft, anasema kuna tatizo, anamwongoza mtu asakinishe, kisha anamwambia "sasa litatokea dirisha, bofya Accept". Dirisha hilo dogo, lenye kitufe kimoja cha kijani, ndilo mlango mzima wa nyumba. Baada ya hapo hahitaji kudukua chochote. Kwenye simu ni mbaya zaidi, kwa sababu anaona kila SMS inayoingia, pamoja na zile namba za muda za kuthibitisha.

Kaa na mama, mkubaliane mambo mawili. Wewe hutampigia kumwambia afungue programu, yeye ndiye atakayekupigia akiwa na shida, kwa namba yako anayoijua. Na mtu yeyote mwingine akimwambia asakinishe kitu, akate simu bila kuaga. Wazee wetu wanaona ni utovu wa adabu kumkatia mtu simu akiwa anaongea vizuri, na matapeli wanaijua heshima hiyo na kuitumia. Mwambie mapema kwamba hapo anaruhusiwa kukata.

Ikitokea ameshabofya: azime Wi-Fi au ang'oe waya kwanza, kufunga dirisha hakutoshi. Apige benki na mtandao wa pesa kwa namba zilizo kwenye kadi au karatasi zake, si ile iliyompigia. Nywila zibadilishwe kutoka kifaa kingine, baruapepe ikiwa ya kwanza, na achague kutoka kwenye vifaa vyote. Laptopu isirudi mtandaoni mpaka mafaili yatolewe na Windows isakinishwe upya. Kuondoa AnyDesk peke yake hakutoshi, maana dakika tano zinatosha kuweka programu nyingine ya kuingilia isiyoonekana.

---

Mkaa_Moro amejibu:

`DUKA-PC\mahesabu` imekubali, nimefungua daftari la duka kwa data ya simu. Dada Swichi, BIOS nimeibadilisha, kwangu imeandikwa "AC Back". Mwanamtapwa, hilo la kumruhusu mama akate simu sikuwa nimelifikiria, nitampigia leo jioni. Kuna kitu chochote nimesahau kabla sijasafiri?

---

Bawaba amejibu:

Nakala rudufu. Hujaitaja hata mara moja. Nunua diski ya nje, nakili D:\Duka, mikataba na picha, kisha uichomoe uiweke kabatini. Iliyochomekwa muda wote nayo inafungwa na kirusi siku hiyo hiyo. Fungua faili mbili tatu kutoka kwenye diski hiyo uone kama zinasoma kweli, watu wanagundua siku ya msiba kwamba walinakili folda tupu.

---

Swichi_Ukutani amejibu:

Na jaribio moja ulifanye leo, si siku ya safari. Toka kwenye Windows (Sign out, usiizime), chomoa kompyuta na ruta kwenye UPS, hesabu sekunde 30, rudisha. Usiguse kibodi wala kitufe. Subiri dakika tano, maana ruta inachukua muda kupata mtandao. Kisha toka nje ya nyumba, laptopu ikiwa kwenye data ya simu, jaribu kuingia. Isipofunguka, kosa ni moja kati ya matatu: "AC Back" hukuihifadhi kwa F10, "Run unattended" haina tiki, au ruta imewaka bila kushika mtandao. Angalia kwa mpangilio huo.